Jina la Musketia wa Tatu

Swali lenyewe ni jepesi ukilitazama kwa macho ya mtu aliyekwenda shule. Katika riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu musketia watatu, wale askari wa bunduki wa mfalme wa Ufaransa, wawili wanaitwa Athos na Porthos. Wa tatu anaitwa nani? Majibu ni manne: A, Aramis, B, Kadinali Richelieu, C, D'Artagnan, D, Planchet. Kijana aliye kwenye kiti cha moto anaitwa Jamal Malik, kazi yake ni kuwapelekea chai wafanyakazi wa kituo cha simu huko Mumbai, na jibu lake lina thamani ya rupia milioni 20. Hajui. Anatabasamu, lakini hajui.

Nilipoitazama Slumdog Millionaire mara ya kwanza ilikuwa 2009, mwaka ilipotwaa Oscar nane, kwenye DVD ya kurudufiwa ambayo binamu yangu aliinunua mjini pamoja na filamu nyingine saba zilizobanwa ndani ya sahani hiyo hiyo. Swali lilipotokea niliruka kitini nikapiga kelele: "Aramis!" Binamu akanitazama kama mtu anayegundua kwamba siku zote amekuwa akila ugali na profesa. "Kumbe umekisoma?" akaniuliza.

Sikuwa nimekisoma. Mpaka leo sijui jina hilo nililiokota wapi. Huenda ni kwenye katuni, huenda ni kwenye chupa, maana Aramis ni jina la manukato ya wanaume pia. Lakini nilijibu, "Zamani sana," na filamu ikaendelea.

Tangu siku hiyo swali hilo limekuwa likinikera, na si kwa ugumu wala wepesi wake. Ukiniuliza mji mkuu wa Burkina Faso, mji upo, una vumbi lake na pikipiki zake, na jibu langu laweza kupimwa nao. Ukiniuliza ni uso wa nani ulio kwenye noti ya dola 100, noti ipo, itoe mfukoni tuitazame. Aramis hayupo popote. Anakuwepo pale tu mtu anapofungua kitabu na kukaa naye saa kadhaa. Kitabu kikifungwa, ama anabaki ndani ya mtu huyo ama hana pa kwenda. Basi kumjua kwa jina, bila kukaa naye hata dakika moja, ni kujua nini hasa? Ni kama kutembea na ufunguo wa nyumba ambayo huijui iliko. Na kipindi cha chemshabongo hakina namna ya kututofautisha, mimi niliyeokota jina na yule msomaji aliyetokwa na machozi Porthos alipoangukiwa na miamba ndani ya pango. Sote tunapigiwa makofi yale yale.

Wengi tunaikumbuka filamu hii kwa wimbo wa mwisho pale stesheni ya treni. Mimi naikumbuka kwa hila yake, ambayo ni moja tu: kila swali lina kovu. Jamal anajua nyota wa Zanjeer ya 1973 ni nani kwa sababu utotoni alijitosa ndani ya shimo la choo ili aende kupata sahihi ya Amitabh Bachchan. Anajua Rama ameshika nini katika mkono wa kulia kwa sababu siku mama yake alipouawa katika ghasia za kidini, alipokuwa akikimbia, alimwona mtoto aliyepambwa mfano wa Rama, na upinde na mshale mkononi. Dola 100 aliitambulishwa na mvulana kipofu. Samuel Colt alimjua kupitia bastola iliyokuwa mkononi mwa kaka yake. Inspekta wa polisi, ambaye amekwisha mpiga na kumtia umeme ili akiri kwamba alidanganya, anakaa kusikiliza kovu baada ya kovu, na mwisho anaamini.

Tulipoitazama tuliipenda sana hila hiyo. Tulisema, naam, elimu haipatikani darasani tu, mtaa nao unafundisha. Leo naiona kwa jicho jingine. Katika filamu hii maskini haruhusiwi kujua kitu bure. Kila chembe ya maarifa yake lazima aionyeshe risiti, na risiti iwe na damu. Mtoto wa tajiri anaweza kujua kwamba Colt aliunda bastola kwa sababu tu siku moja mvua ilinyesha akafungua ensaiklopidia; hakuna atakayemuuliza amejuaje. Jamal akijua, ni jambo la kupelekwa kituoni. Na filamu, badala ya kumcheka inspekta kwa swali lake, inalijibu kwa saa mbili.

Tena kuna jambo ambalo likikuingia akilini halitoki. Tukio linaloumiza kuliko yote ni lile la watoto ombaomba wanaofundishwa kuimba kisha wanapofushwa ili wapate sadaka nyingi zaidi. Kutokana na tukio hilo Jamal anapata jibu la swali kuhusu mtunzi wa wimbo wa Darshan Do Ghanshyam. Filamu inasema ni Surdas, yule mshairi kipofu wa kale. Si yeye. Maneno ya wimbo huo yaliandikwa na Gopal Singh Nepali kwa ajili ya filamu ya Narsi Bhagat ya 1957. Yaani kovu kubwa kuliko yote lilinunua jibu lisilo sahihi, na kompyuta ya kipindi ikalipa.

Kisha linakuja swali la Aramis, na hapo hila inavunjika, kwa sababu swali hili halina kovu. Au tuseme lina kovu ambalo katikati yake ni wazi. Utotoni, darasani, mwalimu aliwaita Jamal na kaka yake Salim kwa majina ya Athos na Porthos. Hawakufika mbali. Ghasia zikaja, mama akafa, shule ikaisha siku hiyo hiyo. Usiku wakajibanza mahali wakikwepa mvua, na nje kulikuwa na msichana mdogo, Latika, amesimama analowa. Salim hakutaka aingie. Jamal akasema huyu anaweza kuwa musketia wetu wa tatu. Akaingia.

Kwa hiyo Jamal ameishi na musketia wa tatu maisha yake yote. Amempoteza, amemtafuta mji mzima, amempata, amenyang'anywa. Kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho ni jina lililoandikwa kitabuni. Katika pengo lile alijaza jina jingine, na jina hilo halimo katika majibu manne. Nadhani hapa filamu imefika mahali pazuri kuliko penyewe inavyojua, maana imetuonyesha mtu anayemjua mhusika bila kumjua kwa jina, kinyume changu kabisa pale kwenye kochi la binamu. Prem Kumar, mwendesha kipindi, anamuuliza kama yeye ni msomaji sana. Jamal anajibu kwamba kusoma anajua. Watu wanacheka. Kisha anapiga simu, msaada wake wa mwisho, kwa namba pekee aliyo nayo, ya kaka yake, na anayepokea ni Latika. Naye hajui. Musketia wa tatu mwenyewe haijui lakabu yake! Ningependa filamu iishie hapo hapo, kwenye simu, watu wawili wasiojua jibu na wasiojali.

Haikuishia hapo, kwa kuwa fedha lazima zipatikane. Jamal anachagua A bila sababu yoyote, na A ndiyo. Filamu ilianza kwa kutuuliza sisi watazamaji, kwa machaguo manne, kijana huyu aliwezaje: kwa kudanganya, kwa bahati, kwa akili nyingi, au kwa kuwa iliandikwa? Mwishoni tunaambiwa iliandikwa. Ndiyo, iliandikwa; iliandikwa na Simon Beaufoy, akalipwa, na wala simlaumu. Ila mtu aliyetuaminisha kwa saa mbili kwamba hakuna kujua bila maumivu, kisha saa ya mwisho akatupa bahati akaiita majaliwa, ana deni. Mwaka 2011 Sushil Kumar, mtu wa Motihari katika jimbo la Bihar, alishinda rupia milioni 50 kwenye Kaun Banega Crorepati halisi, na vyombo vya habari vikambatiza Jamal wa kweli. Swali lake la mwisho lilihusu nchi iliyowauzia Waingereza haki zake juu ya Visiwa vya Nicobar. Ni Denmark. Sijasikia mtu aliyemuuliza kovu la Denmark liko wapi.

Watu wachache waliosoma riwaya iliyozaa filamu, Q & A ya Vikas Swarup, ya 2005, watakwambia kwamba humo hamna Jamal wala musketia. Mna kijana mhudumu wa baa aitwaye Ram Mohammad Thomas, jina lenye dini tatu ndani yake, analolikata kulingana na anayemuuliza. Kipindi chake kinalipa rupia bilioni moja. Na humo pia, karibu na mwisho, kuna swali la mhusika wa kubuni: Costard anapatikana katika tamthilia gani ya Shakespeare?

Ram hajui, wala Swarup hampi kovu la kumjulisha. Anampa simu. Anayempigia ni mwalimu wa Kiingereza ambaye walikutana Agra, mtu aliyekuwa anataabika kutafuta fedha za dawa ya mwanawe aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Ram alikuwa na fedha ambazo alizihitaji mno kwa haja yake mwenyewe. Akampa. Sasa mwalimu anapokea simu na kutaja Love's Labour's Lost kama mtu anayetaja jina la shangazi yake, kwa kuwa yeye ameishi na Shakespeare miaka yote.

Mimi hili nalipenda kuliko Aramis wa filamu. Linakubali kwamba kumjua mhusika ni mali ya mtu fulani, aliyekesha na kitabu, na asiyejua anaweza kumwendea akaomba, kama tunavyoomba chumvi kwa jirani. Na chaguo la Costard si la ovyoovyo. Costard ni mtu wa shamba. Katika tamthilia hiyo mfalme na rafiki zake wameapa kusoma miaka mitatu bila kuonana na mwanamke, wakaufanya uamuzi wao kuwa sheria ya wote, na wa kwanza kukamatwa kwa sheria hiyo ya wasomi ni Costard, aliyekutwa na msichana wake. Ram naye tunakutana naye akiwa amekwisha kamatwa, kosa lake likiwa kujua yasiyompasa. Zaidi ya hayo, neno refu kuliko yote katika kazi za Shakespeare, honorificabilitudinitatibus, linatoka kinywani mwa mkulima huyu, si mwa mfalme. Mwandishi alijua alichokuwa anafanya. Lakini swali la televisheni linataka jina la tamthilia tu, na baada ya jina ni matangazo ya biashara.

Polisi na chemshabongo kukaa pamoja katika hadithi hizi mbili si jambo la kushangaza kwa anayejua historia ya vipindi hivi. Uingereza, BBC ilianza kurusha Mastermind mwaka 1972. Aliyekibuni, Bill Wright, alikuwa mwanajeshi wa anga katika Vita vya Pili vya Dunia; alitekwa na kuhojiwa na Gestapo. Miaka mingi baadaye alikichukua chumba kile, kiti kimoja, mwanga usoni, giza pande zote, maswali mfululizo, akakigeuza mchezo. Mateka hutakiwa kutaja jina, cheo na namba. Mshiriki wa Mastermind hutaja jina, kazi, na somo alilolichagua mwenyewe. Na somo hilo laweza kuwa mfululizo wa riwaya au wahusika wa mwandishi mmoja, jambo ambalo huona lina heshima fulani, kwani mtu aliyechagua kuhojiwa kuhusu watu wasiokuwepo, akakubali kukaa chini ya taa ile kwa ajili yao, walau amewahi kulala nao chumba kimoja.

Huku kwetu tulikuwa na vya kwetu. Miaka ile ya filamu, vyuo vikuu vilikuwa vikimenyana kwenye Zain Africa Challenge, John Sibi-Okumu akiuliza kwa sauti ile ya mtu anayesoma hati ya kale. Sisi wa shule za mashambani tulikuwa na kifuniko cha sufuria.

Nieleze. Nilikuwa kidato cha tatu. Chama chetu cha Kiswahili kilialika shule jirani ya wasichana kwa chemshabongo ya fasihi. Vitufe vya kubonyeza hatukuwa navyo, kwa hiyo kila timu iliwekewa kifuniko cha sufuria cha jikoni na kijiko cha kugongea. Mwalimu aliyeuliza maswali alivaa tai kwa heshima ya siku hiyo. Moja ya vitabu tulivyoambiwa tujiandae navyo ilikuwa Siku Njema ya Ken Walibora. Wakati wetu hakikuwa tena kitabu cha mtihani, lakini miongozo yake ilikuwa imejaa maktaba kuliko kitabu chenyewe. Unaijua miongozo: kitabu chembamba, "Muhtasari wa Sura", "Wahusika na Sifa Zao", "Maudhui", "Mbinu za Lugha". Nilikimeza usiku mmoja, kwa tochi. Riwaya sikuigusa.

Tulikuwa sare. Mwalimu akauliza: "Jina halisi la Kongowea Mswahili ni nani?"

Msichana wa upande wa pili aligonga kabla yangu. Alisimama, akashika mikono nyuma, akaanza: "Mwanzoni, kabla hajaanza kuitwa hivyo..."

"Jina tu, dada," mwalimu akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Nilitaka kusema kwamba yeye mwenyewe hilo la Kongowea..."

"Sekunde tano."

Akanyamaza. Nadhani hakusahau. Uso wake haukuwa wa mtu aliyesahau, ulikuwa wa mtu aliyetakiwa kumtaja rafiki yake kwa namba ya kitambulisho. Muda ukaisha, nikagonga sufuria langu, nikasema "Msanifu Kombo," na ukumbi ukalipuka. Nilipewa kalamu mbili na daftari la kurasa 200. Mtihani nao ulipokuja, nilikuwa fundi wa dondoo: msemaji, msemewa, mahali, sababu, alama nne mfukoni. Nilijua nani alimwambia nani maneno gani katika vitabu vingi mno ambavyo sikujua vilikuwa na harufu gani.

Mwaka jana niliamua kulipa deni moja. Nilikisoma kitabu cha Dumas, kwa tafsiri ya Kiingereza, kwenye simu, zaidi ndani ya matatu. Kilitoka kwanza kwa mafungu katika gazeti la Le Siècle mwaka 1844, kuanzia Machi hadi Julai, Dumas akisaidiwa na Auguste Maquet, na hilo unalisikia: kila sura inaishia mahali pa kukufanya usubiri gazeti la kesho. Nilipita kituo changu mara mbili.

Jambo la kwanza nililogundua lilinichekesha peke yangu hadi kondakta akanitazama. Aramis si jina lake! Athos, Porthos na Aramis ni lakabu za vitani, majina ya kujifichia. Athos kwa kweli ni mwinyi wa la Fère, mtu mwenye siri nzito kuhusu mwanamke aliyemwoa. Aramis ni d'Herblay, mwanafunzi wa upadri ambaye ofisa mmoja alitishia kumchapa fimbo. Akaenda kujifunza upanga mwaka mzima, akarudi akamuua, ndipo akaingia jeshini, na tangu hapo anasema joho la musketia amelivaa kwa muda tu. Swali la milioni 20 kwa hiyo lilikuwa linauliza jina la bandia, na kompyuta ikalipokea kuwa jina. Tulichofanya kwenye ukumbi wetu wa shule kilikuwa bora kidogo: sisi angalau tuliulizwa lililo nyuma ya lakabu.

Jambo la pili ni hilo jibu C. Anayetazama filamu hudhani D'Artagnan amewekwa pale kuwatega wasiojua. Si hivyo. Asiyejua hategeki, kwake majina yote manne ni sawa. Anayetegwa ni aliyesoma nusu, au aliyesoma vizuri. D'Artagnan ndiye shujaa wa kitabu. Anakuja Paris kutoka Gascony kwa shauku moja, awe musketia. Anacheleweshwa katika kikosi kingine, lakini kabla kitabu hakijaisha amekuwa musketia, na anamaliza akiwa luteni wao. Kichwa cha kitabu kinahesabu watatu, hadithi inahesabu wanne. Mtu aliyekisoma kwa mapenzi, akiulizwa musketia wa tatu ni nani, ana haki ya kusita na kuanza kusema: mwanzoni, kabla hajajiunga...

Na D. Nani aliwahi kumfikiria D? Planchet ni mtumishi wa D'Artagnan. Porthos alimwokota kwenye daraja la Tournelle akiwa anatema mate mtoni Seine na kutazama mizunguko ya maji inavyopanuka. Porthos, ambaye hakuwa mtu wa kufikiri sana, aliona hiyo ni dalili ya mtu mwenye tafakuri, akampeleka kwa D'Artagnan. Anapigwa, anacheleweshewa mshahara, anatumwa usiku kwenye hatari, anafaulu. Katika kitabu kinachofuata ana duka lake mwenyewe Paris. Kila musketia ana mtumishi kama huyo, na nusu ya ujasiri katika kitabu hicho ni wao wanaoufanya huku wamebeba mizigo. Rudi sasa kwenye studio ya Mumbai. Kwenye kiti yuko mpeleka chai, ambaye kipindi kizima Prem Kumar amekuwa akimtania kwa kazi yake hiyo, na kati ya majibu manne yanayong'aa usoni pake moja ni jina la mtumishi. Sijui kama waandishi wa filamu waliliona hilo. Jamal hakuliona, na asingeweza. Lakini ndiye mtu pekee katika jengo lile ambaye, angepewa kitabu, angemtambua Planchet ukurasa wa kwanza.

Mwishoni mwa riwaya D'Artagnan anapewa na Richelieu hati ya kupandishwa cheo kuwa luteni wa musketia. Hati imekamilika isipokuwa mahali pa jina, pameachwa wazi. Badala ya kujiandika, anawapelekea rafiki zake mmoja mmoja. Athos anakataa. Porthos anakataa, kwani anaoa mjane tajiri. Aramis anakataa, anarudi kanisani. Anarudi tena kwa Athos, na Athos anachukua kalamu na kuandika D'Artagnan. Nilikisoma kipande hicho mara tatu. Kitabu chote, kurasa mamia, panga na farasi, kinaishia kwa watu wanne wanaoamua jina gani liandikwe kwenye pengo, na kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Dumas mwenyewe aliyajua mambo ya majina. Baba yake, jenerali, alizaliwa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na mwanamke mtumwa aliyeitwa Marie-Cessette Dumas. Babu alikuwa mwinyi wa Kifaransa, Davy de la Pailleterie. Kijana alipojiunga na jeshi mwaka 1786 aliliacha jina la mwinyi akajiandikisha kwa jina la mama. Mwaka 2002 Ufaransa iliyahamishia mabaki ya mwandishi kwenye Panthéon, pamoja na wakubwa wake wengine, na jina lililoingia mle ndani ni la yule mwanamke. Ukitaka, lifanye swali la chemshabongo: "Jina Dumas lilitoka kwa nani?" Machaguo manne. Naona kidole changu mwenyewe kinatafuta kifuniko cha sufuria.

Yule msichana nilikutana naye miaka michache iliyopita, kwenye harusi ya mtu tuliyemfahamu sote. Amekuwa mhasibu. Tulipangwa meza moja, pilau ikachelewa, na baada ya kuulizana shule tulizosoma nikamkumbusha kifuniko cha sufuria. Alicheka sana, lakini niliona wazi hakumbuki. Shindano lote lilikuwa limemtoka. Nilikuwa nimebeba kitu kile miaka yote peke yangu.

"Siku Njema lakini nakikumbuka," akasema. "Mama yake yule kijana. Yule mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Unajua nilipokuwa nasoma nilikuwa nasikia kabisa anaimba? Nilikuwa naenda kuteka maji naimba nyimbo ambazo hata sizijui, nikijifanya yeye." Akageuza glasi ya soda mezani, akakunja uso kutafuta. "Alikuwa anaitwa nani vile?"

"Zainabu Makame," nikamwambia.

"Ehee! Zainabu Makame. Wewe ulikipenda kweli."

Wakati huo bado sikuwa nimekisoma.